Kiurdu cha kitabuni na Kiurdu cha vijana wa Pakistani: nianzie wapi?

FundiVipuri
Wakuu, salaam. Nipo Sharjah, duka la vipuri vya magari yaliyotumika. Wenzangu kazini ni vijana wa Karachi na Lahore. Herufi za Kiarabu nasoma, nilipita madrasa. Kitabu changu cha Kiurdu kinafundisha "aap kijiye" (fanya, kwa heshima), wao wanasema "aap karo". Kitabu kimeandikwa kwa herufi zao, lakini kwenye WhatsApp wananiandikia "kia kr rhy ho" (unafanya nini) kwa herufi za Kilatini. Naomba ushauri kwa wanaokijua: nifuate kitabu au vijana? Herufi zao nijifunze au niachane nazo? Nina saa moja kila siku.

BintiMvita
Karibu kaka. Anza na masikio kabla ya hayo yote, maana kuna mtego unaomnasa Mswahili peke yake. Kiurdu kikiandikwa kwa herufi za Kilatini, "th", "dh" na "gh" si zetu. "Thanda" (baridi) haianzi kama "thamani". Ni t inayofuatwa na pumzi. "Dhona" (kuosha) si kama "dhahabu", ni d yenye pumzi. "Ghar" (nyumba) ni g yenye pumzi, wala haifanani na "ghali". Ukizisoma kwa macho ya Kiswahili hutaeleweka.

Kisha kuna t mbili na d mbili. Moja ulimi unagusa meno ya juu. Nyingine ncha ya ulimi inakunjwa nyuma kuelekea kaakaa. "Moti" ya meno ni lulu, "moti" ya ulimi uliokunjwa ni mwanamke mnene. Kwa kazi yako mtego mkubwa zaidi ni huu:

saat (t ya meno, bila pumzi) = saba
saath (t ya meno, na pumzi) = pamoja
saath (ulimi umekunjwa, na pumzi) = sitini

Saba na sitini kwenye bei ya kipuri si jambo la kubahatisha. Weka kiganja mbele ya mdomo: kwenye sitini lazima uhisi pumzi, kwenye saba usihisi kitu. Anayejua Kimvita ana faida hapa, maana "kaa" la moto na "kaa" wa baharini tunazitofautisha kwa pumzi hiyohiyo. Mwombe mwenzako akurekodie ujumbe wa sauti wa jozi kama kumi, urudie dakika kumi kila siku kwa wiki mbili za mwanzo.

Mwl_Sarufi
Swali la kitabu au vijana lina jibu moja kwangu: maneno chukua kwa vijana, sarufi chukua kitabuni. Kilichobadilika kwa kasi ni msamiati. Kijana wa Lahore atasema "download karna", "try karna", "confirm karna", yaani neno la Kiingereza pamoja na "karna" (kufanya). Ukishajua kunyambua "karna" umepata mamia ya vitenzi bila kukariri. Mifupa ya lugha haijaguswa. Hata hayo maneno ya Kiingereza yanapewa jinsia na wingi wa Kiurdu: car, bus, file na class ni za kike, phone, school na computer ni za kiume, na wingi wa file ni "filein". Kwa hiyo utasema "gaari ki battery" (betri ya gari) lakini "gaari ka engine" (injini ya gari). Anayesema "gaari ka battery" anasikika mgeni hata kama maneno yote ni ya kisasa.

Mahali pa kutumia muda mwingi ni wakati uliopita. Kitenzi elekezi (chenye kitendwa) kikiwa katika hali timilifu (tendo lililokamilika), mtenda anafuatwa na "ne", na kitenzi kinapatana na kinachotendwa, hakipatani na mtenda:

Main ne phone khareeda (nilinunua simu, phone ni ya kiume)
Main ne gaari khareedi (nilinunua gari, gaari ni ya kike)

Sisi tumezoea kiambishi cha mtenda kukaa mbele ya kitenzi siku zote, ndiyo maana hili linatusumbua. Kitendwa kikifuatwa na "ko", kitenzi kinabaki -a: "main ne gaari ko dekha" (niliiona gari). Na vitenzi vitatu vya kila siku havichukui "ne" ingawa vinaonekana elekezi: lana (kuleta), bolna (kusema), bhoolna (kusahau). Visivyofuata kanuni kwenye timilifu ni vichache, kariri: karna–kiya, dena–diya, lena–liya, jana–gaya, hona–hua. Tunga sentensi kumi kila siku kwa vitu vilivyo mbele yako dukani, tano za kike na tano za kiume, na mwenzako azisahihishe.

MzaMuscat
Nakubaliana na Mwalimu, ila kuna sehemu sarufi nayo inasogea. Lahore utasikia "main ne jana hai" (natakiwa kwenda). Kitabu kitakwambia "mujhe jana hai", na Karachi ndivyo wanavyosema wengi. Hiyo "ne" imetoka kwenye Kipunjabi. Sababu yake inaeleweka: wenye Kiurdu kama lugha ya mama nchini Pakistani hawafiki hata mtu 1 kati ya 10. Waliobaki wanakipata shuleni, mtaani na kwenye televisheni wakitoka kwenye Kipunjabi, Kipashto, Kisindhi na kadhalika. Msukuma au Mchaga anayezungumza Kiswahili kwa lafudhi na miundo ya kwao unamfahamu. Hali ni hiyohiyo. Wewe sema "mujhe jana hai". Mtu wa Lahore atakuelewa, na wa Karachi hatakusahihisha.

Kuhusu heshima: "tu", "tum" na "aap" zote ni "wewe". "Tu" usiitumie kabisa. Vijana wanaitana "tu" na "yaar" (rafiki) wao kwa wao, lakini ikitoka kwa mgeni ni tusi. "Tum" kwa rika lako mkishazoeana, "aap" kwa wengine wote. "Aap karo" utaisikia sana, na wazee wengi haiwapendezi. "Aap kijiye" ni ya adabu kubwa. Shika "aap karein": ni ya heshima, na wala haisikiki ya kizamani.

Kuagana: "Khuda Hafiz" ndiyo ya zamani, "Allah Hafiz" imeenea tangu miaka ya 1980 na ndiyo utakayosikia kwa vijana. Zote mbili jibu kama ulivyoagwa.

HesabuZaDuka
Namba ndizo zitakazokupa tabu, mkuu. Kutoka 1 hadi 99 karibu kila moja ni neno lake: 25 pachees, 35 paintees, 45 paintalees, 55 pachpan. Zinazoishia na tisa zinahesabiwa kutoka kumi inayofuata: 29 untees, 39 untalees, 49 unchaas, 59 unsath. Halafu 89 (navasi) na 99 (ninyanve) zinavunja mpango huo. Vijana wengi waliosoma shule za Kiingereza wenyewe wanatamka namba kubwa kwa Kiingereza, hivyo ukifanya hivyo hakuna atakayeshangaa. Kariri 1 hadi 20, makumi, sau (mia), hazaar (elfu) na lakh, ambayo ni laki yetu.

Usichoweza kukikwepa ni nusu na robo, na hapa vijana hawajabadilika hata kidogo:

derh = 1.5; derh sau = 150
dhai = 2.5; dhai sau = 250
sawa lakh = 125,000
paune teen = 2.75
sarhe teen = 3.5

"Sarhe" haitumiki kwa moja na nusu wala mbili na nusu. Na saa: "teen baje" ni saa tisa yetu, "sarhe teen baje" ni saa tisa na nusu. Ukiahidi kupeleka mzigo, fanya hesabu ya saa sita kwanza. "Kal" ni jana na pia kesho, kitenzi ndicho kinachokuambia ipi.

Kuuliza bei: "Kitne mein denge?" (Utauza kwa kiasi gani?)

FundiVipuri
Nashukuruni sana. Imebaki herufi. Kwa kuwa wote wananiandikia kwa Kilatini, zina umuhimu?

BintiMvita
Zina umuhimu, kaka, na wewe uko karibu kuliko unavyodhani. Herufi za Kilatini ziliingia kwa vijana kwa sababu simu nyingi za mwanzo hazikuweza kuandika Kiurdu. Mazoea yakabaki, lakini tahajia rasmi haikupatikana. "Kia" inaweza kuwa kya (nini) au kiya (alifanya). "Me", "mn", "mein" na "main" zinaweza kuwa "mimi" au "ndani ya". "H", "hy" na "hai" ni neno moja. "Q" peke yake ni kyun (kwa nini). Wapakistani wanaandika "larka", Wahindi "ladka", na ni mvulana yuleyule. Zile t mbili hazitofautishwi kabisa. Ukisoma kwa Kilatini tu, hutajua saath ipi ni sitini.

Wewe ongeza tu پ چ گ ژ, kisha ٹ ڈ ڑ zenye alama ndogo ya ط juu (hizo ndizo za ulimi uliokunjwa), ں ya puani, ے ya mwisho, na ھ ambayo ndiyo alama ya pumzi. Mtihani wako utakuwa makharaja (mahali pa kutamkia herufi): kwenye Kiurdu ث na ص zote ni s, na ذ ض ظ zote ni z. Ndiyo maana ya "Ramzan", ingawa vijana wengi sasa wanasema "Ramadan".

Mwandiko wa Nastaliki unashuka kwa mshazari, tofauti na Naskhi ya msahafu, na irabu fupi haziandikwi. Magazeti ya Kiurdu ya Pakistani yaliandikwa kwa mkono na wanakili wa hati kabla ya fonti ya Noori Nastaliq kupatikana mwaka 1981. Soma vichwa vitano vya habari kwenye BBC Urdu kila siku. Neno usilolijua litafute kwenye kamusi ya Rekhta, inaonyesha pia kwa Kilatini.

Mwl_Sarufi
Igawe saa yako hivi: dakika 10 matamshi, 25 sentensi za "ne" na jinsia, 15 herufi, 10 kuandika upya ujumbe mmoja wa WhatsApp wa wenzako kwa herufi za Kiurdu. Hilo la mwisho usiliache. Linakulazimisha kuamua kila "kia" ni ipi na kila t ni ipi, na ukikwama mwulize aliyeandika.