Maboma ya Mjerumani huku ziwani: tukarabati kuta au tutafute kwanza majina ya wapagazi?

Wakuu habari za jioni, naleta mjadala. Ukikaa pale Kamanga feri hapa Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria, Jumapili jioni, vijana wanapiga picha na lile jiwe la Bismarck, mnandi wamejianika juu mbawa wazi, muuza karanga anapita, haikosi mtu akaanzisha habari kwamba serikali ikarabati maboma ya Mjerumani huku kwetu, Mwanza, Bukoba, Ikoma, iweke vibao na tiketi, watalii wa Serengeti wapitie waache hela. Mwingine anadakia kwamba bomoa weka fremu za maduka. Mimi sipo huku wala kule. Nasema isitoke hata shilingi moja ya rangi kwenye zile kuta kabla hatujaandika waliozijenga, waliozilinda na waliobebeshwa mizigo kutoka humo ndani.

Kwa asiyejua, zile hazikuwa ofisi tu, zilikuwa kambi za jeshi. Vita inaanza 1914 jeshi la Mjerumani hapa nchini lilikuwa na Wazungu kama 260 na askari Waafrika kama 2,500, wamegawanywa kampuni za kijeshi 14, ya 7 Bukoba na ya 14 hapa Mwanza. Yaani aliyeshika bunduki langoni mara nyingi alikuwa mtu mweusi, na ndiye aliyetumwa kudai kodi ya nyumba, rupia 3 tangu 1898, huna rupia unafanyishwa kazi. Hilo nalo lisemwe, tusijifanye boma lilijaa Wazungu watupu.

Waingereza wakavuka na meli kutoka Kisumu, tarehe 22 na 23 Juni 1915 wakaipiga Bukoba, wakavunja boma na mtambo wa simu ya upepo, wakapora mji, wakarudi zao. Mwaka uliofuata wakachukua Ukerewe mwezi Juni na tarehe 14 Julai 1916 wakaingia Mwanza, Mjerumani anakimbilia kusini.

Sasa hapa ndipo mimi nakwama kila nikiisoma hii habari. Mwanza walikuta mzinga wa Königsberg, ile manowari ya Mjerumani iliyoishia delta ya Rufiji Julai 1915, ikazama lakini mizinga yake 10 ikatolewa na kusambazwa nchi nzima. Mzinga wa meli, chuma tupu! Na reli ya kati ilikuwa inapita Tabora, hii ya Tabora mpaka Mwanza imekuja kukamilika 1928, kwa hiyo kutoka relini mpaka ziwani ni zaidi ya kilomita 300 bila reli. Mzinga wa namna hii ulivutwa na watu kwa mamia, kamba begani, mtoni wanaingia nao, mlimani wanapanda nao, na chakula chao wenyewe kinatoka kwenye maghala ya vijiji wanavyopita. Leo ukitaka kujua kipenyo cha ule mzinga unakipata, ni sentimita 10.5, meli yake unaijua, nahodha wa meli unamjua. Taja mtu mmoja tu aliyeuvuta.

Na upande wa pili ni vilevile. Wapagazi waliokufa wakimtumikia Mwingereza peke yake wanakadiriwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, siyo risasi. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Halafu sisi tunataka kuanza na rangi na bati.

Karibuni, hoja kwa hoja.

MCHANGIAJI, BUKOBA
Kaka nakuelewa ila utaratibu wako unatuua. Majina utayatafuta miaka 20 na ukuta haukusubiri. Huku kwetu mvua siyo ya mchezo, nyumba ya zamani ikitoboka bati misimu miwili tu ukuta unalainika, wa tatu watu wanabeba matofali kwenda kujengea choo. Ukishaanguka hakuna mtoto atakayeuliza hapa palikuwa na nini. Ezeka kwanza, majina yafuate.

MCHANGIAJI, MWANZA
Shikamooni wakubwa. Mimi naona mmeruka vita iliyo karibu. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya ilikuja kumsaidia Amini, ikataka kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Kanisa la Kyaka lilipigwa na gofu lake mpaka leo lipo. Baba yangu mdogo alipigana Kagera, yupo hai, kumbukumbu zote anazo, na sijaona mtu amekuja na kinasa sauti kumuuliza. Kwa nini tuhangaike na Mjerumani wakati wenye ushahidi wanazeeka mbele yetu?

MLETA MADA
Marahaba mdogo wangu, na wewe ndiye umeibeba hoja yangu kuliko mimi. Mrekodi baba mdogo wiki hii, usingoje mradi. Gofu la Kyaka linatusisimua kwa sababu wapo wanaosema nilikuwepo. Kwa wapagazi hatuna tena mtu wa hivyo, ndiyo maana kazi yake ni ngumu na inatakiwa ianze sasa.

Kaka wa Bukoba, bati ezekeni, anayezuia mvua sigombani naye. Ninachokataa ni tiketi na kibao chenye jina la kapteni peke yake. Na majina siyo kwamba hayana pa kutafutwa. Mafaili ya Mjerumani yapo Nyaraka za Taifa Dar, tatizo mengi yameandikwa kwa ule mwandiko wao wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo unamshinda. Rais wao Steinmeier alikuja Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha kwa ya Majimaji. Vizuri. Basi wakitaka kuchangia huku ziwani, wasianze na chokaa, walipie vijana wetu kumi wafundishwe kuusoma huo mwandiko. Misheni nazo zina vitabu vya ubatizo, Bukumbi pale wapo tangu 1883. Makumbusho ya Bujora ipo hapo Kisesa, rekodi zinaweza kukaa pale ambapo Msukuma anafika bila kuulizwa pasipoti.

Nianze na humu humu. Nani ana mzee Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema au Ukerewe aliyesimuliwa babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita? Mrekodi kwa simu kwa lugha yake, Kisukuma, Kikerewe, yoyote, usimkatize, andika jina lake, kijiji, na jina la huyo babu kama linatajwa. Na wewe unayesema tubomoe tuweke fremu, njoo pia, ila utuambie hayo maduka utayaita jina gani.