Mtaro au mikopo? Kikundi chetu kimegawanyika

MwekaHazina: Habari zenu wakuu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba katika mtaa wa mabanda bondeni, kando ya mto. Fedha tulizonazo zinatosha jambo moja: kuongeza mikopo ya biashara ndogondogo au kujenga mtaro wa uchochoro wetu. Wanaotaka mikopo wanasema mtaro ni kazi ya serikali. Lakini daftari ninalo mimi, na marejesho huporomoka mwezi uleule wa mafuriko. Mzigo ukilowa, mtu atalipa na nini? Kinachonitia wasiwasi ni kujenga mtaro wa kupeleka maji kwa jirani.

FundiBomba: Dada, hilo la mwisho ndilo la kuanza nalo. Mtaro usio na pa kumwagia ni bwawa. Kabla hamjanunua saruji, mvua ikinyesha fuateni maji hadi yanakoishia. Hoja ya serikali ina nusu ya ukweli. Huko Orangi, mtaa wa Karachi, Pakistan, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakazi walijilipia na kujenga mabomba ya majitaka ya vichochoro vyao, serikali ikatakiwa kushughulikia mabomba makuu. Uchochoro uwe wenu, mfereji mkuu wadaini wao, tena kwa barua. Na tengeni fedha ya kuzibua. Mtaro mpya hujaa plastiki haraka kuliko mnavyodhani.

MpangajiTu: Mbona hakuna aliyeuliza nyumba ni za nani? Kwetu tulichanga, tukachimba, maji yakaacha kuingia. Kodi ikapanda! Waliobeba zege ndio waliohama. Chukueni maandishi kwa wenye nyumba kabla ya jembe kugusa ardhi: kodi isipande kwa muda mtakaokubaliana. Na mkiweza, sukumeni suala la ardhi kama kikundi. Thailand, kwenye mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda uitwao Baan Mankong, ulioanza 2003, mkopo wa ardhi na nyumba hupewa jumuiya, si mtu mmojammoja. Kumfukuza mmoja hapo si rahisi.

PaaLaBati: Mnaongelea maji tu. Joto je? Anayeshona ndani ya bati mchana anapoteza saa za kazi, na hakuna anayeziandika kwenye daftari. Ahmedabad, India, jiji lenye mpango wa kukabili joto tangu 2013, mapaa ya mabanda yamepakwa rangi nyeupe ya kuakisi jua. Ni kazi ndogo kuliko mtaro.

MwekaHazina: Asanteni sana. Hilo la kodi limenishtua, maana wengi wetu ni wapangaji, nami nimo. Nitapeleka kikaoni hivi: maandishi ya wenye nyumba kwanza, kisha mtaro. Mikopo isimame msimu huu, isipokuwa akiba ndogo ya dharura kwa atakayefurikiwa kabla hatujamaliza. Rangi tutajaribu kwa mafundi cherehani.

FundiBomba: Sawa, ila waiteni na wa mtaa wa chini kwenye hicho kikao. Maji yenu yatapita kwao.