Lugha tatu kwa mpigo: mnapimaje kama kila moja inasogea?

lugha_tatu ameuliza:

Wakuu, habari za wakati huu. Lugha ni Kifaransa, Kiarabu na Kichina, zote kwa pamoja, saa 10 kwa wiki. Kifaransa kiko A2 (ngazi ya pili ya mwanzo), lengo ni DELF B1 (mtihani wa Kifaransa, ngazi inayofuata). Kiarabu ni fusha (Kiarabu sanifu): herufi na sarufi ya mwanzo tayari, lengo ni kusoma gazeti na kuzungumza na watu wa Muscat. Kichina kimefika maneno ya HSK 2 (HSK ni mtihani wa Kichina wa ngazi), lengo ni HSK 3.

Kumbukumbu ziko sehemu tatu. Kuna programu ya simu inayohesabu mfululizo wa siku (inasema 140), daftari la msamiati, na jedwali la Google Sheets lenye jumla ya saa za kila wiki. Namba zote zinapanda, ila hakuna hata moja inayonijibu lugha ipi inasogea na ipi imekwama. Niandike nini kila siku? Nijipime vipi, na kila baada ya muda gani? Na namba zikiwaje ndipo nijue lugha moja ipumzishwe?

---

fundi_jedwali amejibu:

Mkuu, hiyo 140 inaeleza kwamba umefungua programu mara 140. Iache iendelee kuhesabu, lakini usiitumie kuamua kitu.

Kwenye jedwali, mstari mmoja uwe wa kipindi kimoja cha kusoma. Ukiandika mstari mmoja kwa siku nzima, lugha zote tatu zinamezwa humo. Safu A tarehe, B lugha (FR, AR, ZH), C stadi, D dakika, E chanzo (kitabu gani na sura ya ngapi, au kipindi gani cha redio). Stadi ziwe herufi moja tu: S kusikiliza, Z kuzungumza, M kusoma, A kuandika, K kadi za msamiati. Redio ya Kifaransa iliyokuwa ikilia huku unakaanga vitunguu usiiandike kama S, labda uweze kusimulia kilichosemwa. Majedwali mengi huanza kudanganya hapo.

Jumla ya wiki kwa lugha na stadi unaipata hivi, ukiwa umeweka tarehe ya Jumatatu kwenye seli H1:

=SUMIFS(D:D,B:B,"FR",C:C,"Z",A:A,">="&H1,A:A,"<"&H1+7)

Ikikataa, badilisha mkato uwe nukta mkato. Inategemea faili limewekewa mipangilio ya nchi gani.

Kuna makosa mawili yanayowapata karibu wote. La kwanza ni kuandika 1:30 kwa saa moja na nusu. Sheets inaihifadhi kama sehemu ya siku, yaani 0.0625, na jumla yako inaharibika bila onyo lolote. Andika 90. La pili ni tarehe. Faili lenye mipangilio ya Marekani linasoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi, na 25/04/2025 linaifanya maandishi tu, kwa hiyo SUMIFS inairuka kimyakimya. Andika 2025-04-25 uwe salama.

Halafu Kiarabu kigawe mara mbili, AR-F kwa fusha na AR-L kwa lahaja ya Oman. Malengo yako mawili yanataka vitu viwili tofauti: gazeti ni fusha, mazungumzo ya sokoni Mutrah, huko Muscat, ni lahaja. Ukizichanganya kwenye safu moja, utaona saa 200 za Kiarabu na bado usimwelewe muuza ubani.

---

imla_na_sauti amejibu:

Naongezea kwenye kujipima, maana saa ni gharama uliyolipa tu. Ulichonunua kinaonekana kwenye jaribio.

Kila lugha ijaribiwe mara moja kwa mwezi, dakika 40. Usizipime zote siku moja, ya tatu utaifanya akili imechoka na alama zitashuka bila sababu ya kweli. Wiki ya kwanza Kifaransa, ya pili Kiarabu, ya tatu Kichina, ya nne hakuna kitu.

Anza na rekodi ya sauti ya dakika 2, bila kujiandaa wala kuandika kwanza. Andaa mada tatu (kazi yako, safari uliyofanya, tatizo la mtaa wako) uzizungushe, ili kila mada irudi baada ya miezi mitatu. Ukirudia mada ileile kila mwezi utaikariri. Baada ya kurekodi, sikiliza na uhesabu maneno yanayosikika vizuri, kimya kinachozidi sekunde 3, na maneno yaliyoponyoka kutoka lugha nyingine. Hesabu hii ya mwisho usiiache kwa mtu anayesoma lugha tatu. Kinachoponyoka mara nyingi ni vineno vidogo vya kuungia, kama "oui", "mais" au "alors" katikati ya Kiarabu, na kwa kuwa ni vidogo msemaji mwenyewe hasikii mpaka acheze rekodi.

Kisha imla: sauti ya sekunde 60 ambayo hujawahi kuisikia na ina maandishi yake. Sikiliza mara tatu, andika, sahihisha, toa asilimia. Baada yake soma makala mpya ya maneno kama 200 kutoka chanzo kilekile cha mwezi uliopita, uhesabu maneno usiyoyajua. Yakizidi 2 katika kila 100, ujue kusoma bila kamusi bado ni kazi. Dakika 15 za mwisho andika aya.

Kila lugha ina mtego wake kwenye imla. Kwa Kiarabu, Mswahili hukosea palepale ambapo Kiswahili kimelainisha sauti. Tumezoea habari na wakati, mkono unaandika هبر badala ya خبر na وكت badala ya وقت. Makosa ya aina hiyo (kh/h, q/k, na s nzito kuwa s ya kawaida) yahesabu peke yake, maana ni ya sikio, na kusoma sarufi zaidi hakutayaondoa. Andika pia kama maandishi uliyosoma yalikuwa na irabu. Alama 90 zenye irabu na 60 zisizo na irabu zinaweza kuwa za mtu yuleyule siku ileile, na magazeti hayana irabu.

Kichina: andika imla kwa pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini) kwanza, usahihishe silabi na toni kwa alama mbili tofauti. Kuna anayepata silabi 85 na toni 50, na wastani wa 67 haumwonyeshi ugonjwa uko wapi. Hanzi (herufi za Kichina) za kuchapa kwa simu na hanzi za kuandika kwa mkono nazo ni vitu viwili. Simu inakuletea orodha na wewe unatambua tu.

Usilinganishe idadi ya maneno kati ya lugha. "Nitakiandika" kwa Kiswahili ni neno moja, kwa Kifaransa "je l'écrirai" ni mawili au matatu kutegemea unavyohesabu, na Kichina hakiachi nafasi kati ya maneno. Kifaransa cha Machi kilinganishe na Kifaransa cha Juni.

---

kadi_chache amejibu:

Hapo kwenye K kuna hatari ambayo jedwali halitakuonyesha mapema.

Kama unatumia Anki (programu ya kadi za msamiati), mpangilio wake wa mwanzo ni kadi mpya 20 kwa siku kwa kila fungu. Mafungu matatu ni kadi mpya 60. Kanuni ya mkono ni kwamba marudio ya kila siku hutulia karibu na mara 10 ya kadi mpya, kwa hiyo unaelekea marudio 600. Kwa sekunde 8 kila kadi, hizo ni dakika 80. Saa 10 kwa wiki ni kama dakika 86 kwa siku, zinabaki 6 za lugha tatu! Mzigo huu hauji siku ya kwanza, unajikusanya kwa wiki kadhaa, na ukija mtu hudhani amekuwa mvivu. (Anki ina kikomo cha marudio 200 kwa fungu. Hicho hakiondoi mzigo, kinaficha tu kadi zilizochelewa.)

Kwa ratiba yako weka kadi mpya 5 za Kifaransa, 5 za Kichina, 4 za Kiarabu. Jumla 14, marudio kama 140, dakika 19 hivi.

Namba ya kuandika mara moja kwa wiki ni asilimia ya kukumbuka kwa kadi zilizokomaa, yaani zile ambazo muda kati ya rudio moja na lingine umefika siku 21 au zaidi. Iko kwenye takwimu za Anki, kwa kila fungu. Ikikaa 85 hadi 90, sawa. Ikishuka chini ya 80 wiki mbili mfululizo, weka kadi mpya 0 kwenye fungu hilo mpaka ipande. Ikiwa 97 usifurahi sana, kadi zako ni nyepesi au unazirudia mno. Kadi unayoikosa mara 8 Anki huiwekea alama, au huisimamisha, kutegemea mipangilio yako. Usiirudishe ilivyo, ivunje au iweke ndani ya sentensi.

Kwa Kiarabu weka alama kwenye maneno ya bure, yaani kitabu, waziri, dunia na wenzao. Yanapandisha hesabu ya msamiati bila jasho, na ndani yake wamo wasaliti: rakhīs si kazi rahisi, ni bei nafuu. Msamiati wa Kiarabu uhesabu bila hayo.

Na HSK 3 ipi? Orodha ya zamani, ile ya ngazi sita, ina maneno 600 kufikia ngazi ya 3. Viwango vilivyotangazwa 2021, vyenye ngazi tisa, vinafika maneno 2,245 kwenye ngazi hiyohiyo. Andika juu ya jedwali unafuata orodha gani na ya mwaka gani, la sivyo asilimia ya "nimemaliza" haina maana. Uliza pia kituo chako cha mtihani wanatahini kwa ipi.

---

lugha_tatu:

Shukrani sana wakuu. Naona kosa la kadi lipo, mafungu yote yamewekwa 20. Limebaki la kupumzisha lugha.

---

saa_na_dakika amejibu:

Kabla ya hapo, neno kwa wenzangu: msimgeuze mtu kuwa mhasibu. Majaribio ya imla_na_sauti ni dakika 120 kwa wiki nne, kati ya dakika 2,400 ulizonazo. Hiyo ni asilimia 5, na mimi nasema ndiyo dari. Jedwali lijazwe kwa sekunde 20 kila kipindi. Ikizidi hapo punguza safu, anza na ya chanzo.

Sasa hesabu ya saa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayofundisha wanadiplomasia wake, hukadiria wiki kama 30 za darasa kwa Kifaransa na wiki 88, yaani saa 2,200, kwa Kiarabu au Kichina. Makadirio hayo ni ya mzungumzaji wa Kiingereza, na Mswahili ana mtaji wake kwenye msamiati wa Kiarabu, lakini uwiano unasaidia. Ukigawa saa 10 sawasawa, Kichina kinapata saa 3 na dakika 20 kwa wiki. Saa 2,200 kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka 12. Kwa hiyo kugawa sawasawa tayari ni uamuzi wa kuchelewesha mbili ngumu, hata kama hukukusudia.

Gawa 6-3-1 kwa miezi mitatu mitatu. Moja ndiyo kuu, moja inasogea taratibu, moja inalindwa tu. Inayolindwa ina kadi mpya 0, marudio yanaendelea, na dakika kama 20 za kusikiliza mara mbili kwa wiki. Ukiwa na tarehe ya DELF, Kifaransa kianze kuwa kikuu.

Kupumzisha uamue hivi. Angalia majaribio matatu ya lugha moja, kwa kuwa mawili yanaweza kuwa bahati tu. Hakuna stadi iliyopanda na saa zilikuwepo? Basi njia ndiyo mbovu, badilisha chanzo au stadi, usipumzishe. Hakuna iliyopanda na saa hazikuwepo (chini ya 2 kwa wiki)? Hiyo ishushe iwe ya kulindwa. Maneno yanayoponyoka yakiongezeka kwenye rekodi mbili mfululizo, tenganisha siku za lugha hizo mbili kwanza, kisha uone.

Usitumie wastani wa stadi kwa Kifaransa. DELF B1 ina sehemu nne za alama 25, kufaulu ni 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka. Mwenye 22, 20, 18 na 4 ana jumla 64 na cheti hapati. Weka mstari wa grafu kwa kila stadi, na uutazame wa chini kabisa.

---

imla_na_sauti:

Dari ya asilimia 5 nakubali. Ila Kichina kikiwa cha kulindwa usikifutie rekodi ya mwezi, ipunguze iwe sauti na imla tu, dakika 15. Toni hupotea kabla ya msamiati, na kadi hazitakwambia.

Faili za sauti zipe majina kama ZH_mada2_2025-06-18, zikae folda moja. Zikipangwa kwa jina, mada ileile ya Machi na ya Juni zinakaa jirani, unazicheza moja baada ya nyingine.