Ovataimu inakatwa kodi kubwa: niendelee au niache?

Zamu ya Usiku (mleta uzi):
Habari za saa hizi wakuu, naombeni ushauri. Mwezi wa nne sasa nachukua ovataimu kila Jumamosi. Juzi nimekaa na slipu ya mshahara na kalamu: katika kila 100 ninayoongezewa, 30 ni kodi na 10 ni mfuko wa hifadhi ya jamii. Inabaki 60. Na mwanangu wa miaka mitatu anashinda kwa jirani siku nzima. Mwenzangu kazini anasema niache kabisa, eti nikivuka ngazi ya kodi mshahara wote utakatwa kwa kiwango cha juu na nitaambulia kidogo kuliko zamani. Ni kweli?

Hesabu Kwanza:
Mkuu, hapo umedanganywa. Kiwango cha juu kinagusa kile kilichovuka mstari tu. Tuseme mstari uko 1,000, chini yake kodi ni asilimia 20, juu yake 30. Ukipata 1,100 unalipa 200 na 30, jumla 230. Siyo 330. Unabaki na 870, wakati kwa 1,000 ungebaki na 800. Inaniuma sana kuona watu wanakataa saa za ziada kwa kosa hili! Ila kama unapokea ruzuku inayokatika kipato kikifika kiwango fulani, hapo unaweza kupoteza kweli. Angalia hilo kwanza.

Mama Wawili:
Mimi kodi ilipopanda niliongeza saa. Pango la nyumba halikupungua, ada haikupungua, ningefanyaje? Msidhani kila mtu akikatwa zaidi anapumzika.

Msomaji:
Mama Wawili yuko sahihi, kodi inavuta pande mbili: wengine huongeza saa ili kufidia kilichokatwa, wengine huzipunguza kwa kuwa kila saa inawalipa kidogo. Ila wapo wanaoitikia upande wa pili. Iceland ilipobadili utaratibu wa kukusanya kodi, mapato ya mwaka 1987 hayakutozwa kodi ya mapato, na watu walifanya kazi zaidi mwaka ule. Edward Prescott, mshindi wa Nobel ya uchumi 2004, alisema kodi ndiyo iliyowafanya Wafaransa na Wajerumani wafanye saa chache kuliko Wamarekani, maana mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla kodi zao hazijapanda, saa zao zilikuwa karibu sawa. Mchumi Alberto Alesina na wenzake wakampinga: ni vyama vya wafanyakazi na sheria za kazi. Mimi naona Alesina ana hoja nzito, kwa sababu wengi wetu hatujipangii saa, tunapangiwa.

Mama Wawili:
Mleta uzi, huyo jirani unamlipa?

Zamu ya Usiku:
Namlipa, na sikumweka kwenye hesabu. Nikimtoa yeye na nauli, ile 60 inakuwa 30. Hesabu Kwanza, asante sana, ile hofu ya ngazi imeniisha. Nimemwomba msimamizi anipangie Jumamosi mbili kwa mwezi badala ya nne. Amesema atanijibu kesho.