Mchanganyiko wa manjano "unaozima miR-21": mgonjwa yuko kwenye dripu za kansa, nimjibu nini?

Duka la Dawa Mwanga (Kigoma)
Wakuu, salaam. Hapa Mwanga kuna mchanganyiko unauzwa kwenye makopo: manjano, pilipili manga na asali ya Tabora. Karatasi yake inasema manjano "yanazima miR-21, jeni ya kansa", dozi kijiko kimoja cha chai kutwa mara mbili. Wanaoulizia ni wagonjwa wanaokwenda Mwanza kwa dripu kila baada ya wiki tatu. Dai hilo lina msingi? Na kijiko hicho kinagongana na dripu? Naomba namba, "epuka miti shamba" wameshaisikia.

Herufi22
Msingi upo, ila umetolewa kwenye sahani ya maabara ukatiwa kwenye kopo.

Kwanza, miR-21 si "jeni ya kansa". Ni kipande cha RNA chenye herufi kama 22. Hakitengenezi protini, kazi yake ni kung'ang'ania RNA mjumbe (nakala ya maagizo) ya jeni nyingine isisomwe. (Jamii hii, maikro-RNA, ndiyo iliyowapa Ambros na Ruvkun Nobeli ya 2024, na tangu hapo hata wauza makopo wanaitaja.) Seli nyingi za saratani zina miR-21 iliyozidi, na miongoni mwa zinazobanwa nayo ni PTEN na PDCD4, ambazo ni breki za seli. Kurkumini, ile rangi ya manjano, imeonekana kushusha miR-21 na kurudisha PDCD4 kwenye seli za saratani ya utumbo mpana za maabara, aina ya HCT116. Hapo karatasi haijadanganya.

Sasa hesabu. Kijiko cha chai cha unga wa manjano ni kama gramu 3, na kurkumini ni kama asilimia 3 yake: mg 90. Sahani huwekewa maikromola 10 hivi (kipimo cha ukolezi), seli zikaloweshwa humo siku nzima. Watu waliomeza kurkumini safi gramu 8 kwa siku hawakufika maikromola 2 kwenye damu, na hicho ni kilele cha saa moja au mbili tu. Gramu 8 ni vijiko karibu 90. Mgonjwa wako anakula viwili, tena vyenye asali ndani. Ukuta wa utumbo na ini huifunga kurkumini kabla haijafika mbali, na nyingi huishia chooni. Ndiyo maana watafiti wanaipenda saratani ya utumbo mpana: huko inagusana na seli bila kupitia damu. Titi au mapafu, sahau.

Zamu ya Usiku
Mimi kinachonitisha humo ni pilipili manga. Haikuwekwa kwa ladha. Mg 20 za piperini, kile kiini chake cha ukali, juu ya gramu 2 za kurkumini ziliwahi kupandisha kurkumini ya kwenye damu karibu mara 20. Piperini ni kama asilimia 5 ya pilipili manga, kwa hiyo mg 20 ni gramu 0.4 tu, haijai hata robo kijiko.

Inafanya hivyo kwa kubana vimeng'enya vya ini, kikiwemo CYP3A4, pamoja na P-glikoprotini, pampu inayosukuma dawa nje ya seli. Mlango huohuo ndio zinaotokea vinkristini na dosetakseli, dawa za dripu za kansa. Ukiuziba, dozi iliyopigiwa hesabu vizuri inaweza kukaa mwilini kupita ilivyokusudiwa. Kwa vinkristini utasikia ganzi vidoleni, mguu unaburuzika, choo kimefunga. Kwa dosetakseli chembe nyeupe zinaporomoka na mdomo unatoka vidonda. Sina ugomvi na pilau. Nasema kijiko cha kila siku.

Aliye kwenye siklofosfamidi, dawa nyingine ya kansa, naye asitumie: kwa panya wenye uvimbe wa titi, kurkumini kwenye chakula ilipunguza nguvu ya dawa hiyo.

Na vinkristini yenyewe imetoka kwenye mmea, vinka, yale maua ya rangi ya pinki yanayopandwa mbele ya nyumba. Ila inavunja nyuzi za kugawanyia seli, haipitii maikro-RNA, na inapimwa kwa miligramu.

Mwanafunzi wa Maabara
Nichomekee: kwa nini kipimo cha miR-21 kinashuka wiki hii, wiki ijayo hakishuki, kwa seli zilezile nilizozipa kurkumini?

Herufi22
Angalia seramu kwanza, yale maji ya damu yanayochanganywa kwenye chakula cha seli. Bila seramu, pH 7.2, nyuzi 37, zaidi ya asilimia 90 ya kurkumini huoza ndani ya nusu saa. Ukiwa na seramu asilimia 10, nusu bado ipo baada ya saa 8. Ukizishindisha seli njaa halafu ukaitia, unapima mabaki. Yeyusha mg 3.68 kwenye ml 1 ya DMSO (kiyeyushi), hiyo ni milimola 10. Maikrolita 1 kwa kila ml ya chakula cha seli inakupa maikromola 10 na DMSO asilimia 0.1. Sahani ya kulinganishia ipate DMSO hiyohiyo. Chupa ifunge kwa foili.

Pili, safu (kolamu) za kawaida za kusafishia RNA humwaga vipande vilivyo chini ya herufi 200. Ongeza ethanoli safi mara 1.5 ya ujazo wa tabaka la juu, lile la maji lenye RNA.

Tatu, usitegemee U6, RNA ndogo ya kulinganishia, peke yake, nayo huyumba. Na ukihamia chai ya kijani usilinganishe na miR-16 (maikro-RNA nyingine), maana EGCG, kiini cha chai hiyo, imeonekana kuipandisha kwenye seli za ini za HepG2. Kipimio kikipanda, kila kitu kitaonekana kimeshuka.

Duka la Dawa Mwanga (Kigoma)
Asanteni. Aliyekwisha kutumia wiki mbili, aache siku ngapi kabla ya dripu?

Zamu ya Usiku
Aache leo hii. Dripu asiiahirishe kwa uamuzi wake. Aende na kopo lenyewe, daktari alione kabla ya kuandika dozi. Wewe hapo dirishani muulize mambo mawili: vidole vina ganzi, na choo amepata lini mara ya mwisho. Kisha mpime joto. Likifika 38 asisubiri safari ya Mwanza, apelekwe hospitali ya mkoa sasa hivi.