Mkoba wa kazi: nisahihishe vyote au vichache?

Mwalimu, Newala
Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninafundisha Kiswahili Darasa la Sita, wanafunzi 84, na tangu Januari kila mmoja ana mkoba wake wa kazi, jalada la karatasi ngumu lenye insha, barua na mashairi yake kwa tarehe. Tatizo langu ni alama. Nikisahihisha kila karatasi sitamaliza, na nikikadiria kwa macho, mwenye mwandiko mzuri hupata 18 kati ya 20 hata kama uandishi wake haujasogea. Ninyi mnafanyaje?

Mwalimu, Masasi
Pole kwa kazi, mwalimu. Usisahihishe vyote. Kila mwanafunzi achague kazi tatu, na kwa kila moja aeleze kwa sentensi mbili kwa nini ameichagua na alirekebisha nini, kwa sababu bila maelezo hayo mkoba ni rundo la karatasi tu. Mimi hutoa 10 kwa ubora, 6 kwa maendeleo tangu rasimu ya kwanza na 4 kwa maelezo, na vigezo hivyo hubandikwa ukutani kabla hawajaanza kuchagua. Msimu wa korosho uliopita mwanafunzi mmoja alichagua barua yenye doa la mabibo katikati, akaandika kwamba hapo ndipo alipoacha kuandika sentensi moja ukurasa mzima. Nilihesabu nukta katika rasimu yake ya kwanza, nikakuta moja.

Mwalimu, Nachingwea
Naafiki, ila kazi ya nyumbani isiingie mkobani bila rasimu. Niliwahi kuipa alama za juu insha tamu kuhusu Mikindani, kumbe mwandishi ni kaka yake wa kidato cha nne. Siku hizi rasimu huandikwa darasani, nami huzitia sahihi. Kuhusu wingi, pitia mikoba 21 kwa wiki. Kwa wiki nne utakuwa umemaliza.

Mwalimu, Newala
Ahsanteni sana. Lakini aliyeandika vizuri tangu mwanzo atazipataje zile 6 za maendeleo?

Mwalimu, Masasi
Hata mimi lilinisumbua, na mwaka wa kwanza niliwaonea watoto wawili. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo hutazama ugumu wa kazi aliyojaribu: akitoka kwenye barua ya kirafiki akaiweza barua rasmi, amesogea, hata kama zote mbili hazina kosa la tahajia.