Mtoto wa dada yangu si yatima, na ile karatasi si ridhaa

Wenzangu wa Malindi, Watamu, Mambrui mpaka Lamu, naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nikiteleza ulimi mnistahi.

Dada yangu ana mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 2021 baba mtu alishatokomea zamani, mama yetu mzazi aliyekuwa akimlea akaanguka chooni akavunjika nyonga, na dada ana viza ya Saudia mkononi, siku zinahesabika. Mimi nilikuwa Kipini kwenye mashua, simu hainipati. Jirani akamwambia kuna makao ya watoto hapa hapa Malindi, wanapokea, wanasomesha, na akirudi atamchukua. Akampeleka. Mtoto alikuwa na miaka minne.

Mkataba wake wa kazi wa miaka miwili ukawa minne, mnajua mambo ya Saudia yalivyo. Lakini kila mwisho wa mwezi dada alituma kwa wale wa makao shilingi elfu tatu. Ujumbe wa M-Pesa ninao wote.

Juzi nimekwenda kumpelekea kanzu ya Idi. Juu ya kitanda chake wamebandika karatasi yenye jina la Kitaliano, limeandikwa kwa kalamu za rangi na nyota pembeni. Jina lake, ambalo ni la marehemu babu yetu, halipo popote. Nikamuuliza mlezi wa zamu huyu ni nani. Akacheka kwa uzuri tu, hana ubaya, akasema, "Huyu si mwanenu? Wazazi wake wanamwita hivyo. Wanakuja Agosti."

Wazazi wake wapi tena? Mamake yuko Riyadh anafua nguo za watu!

Ndipo nikaelewa kwa nini wiki ile walimwomba dada kwa WhatsApp picha ya kitambulisho chake na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, "za kutengenezea pasipoti". Dada alidhani ni mambo ya shule. Alhamdulillahi cheti kiko kwa mama, chini ya godoro.

Nikaomba kuonana na meneja. Akaleta faili. Ndani kuna karatasi mbili za Kiingereza. Ya kwanza: jina, tarehe, amechanjwa au hakuchanjwa, ana mzio wa chakula gani. Ya pili, chini kabisa, baada ya swali la kama mtoto hukojoa kitandani, kuna mistari miwili inayosema mzazi ameridhia uongozi wa makao umtafutie mtoto familia ya kudumu, ndani au nje ya nchi. Hapo ndipo dada alipotia sahihi. Dada yangu aliishia darasa la sita. Alisainia mezani kwenye kibaraza, mtoto analia amemshika buibui, tuktuk imeshapiga honi mara mbili.

Hiyo ndiyo ridhaa yenyewe.

Nimekaa kibarazani na kijana mmoja wa mtaani anayesaidia watu mambo ya sheria, chai ikapoa, akanieleza mambo ambayo kila mwenye mtoto kwenye makao angepaswa kuyajua. Kuna Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto wa nchi nyingine, yaani kumfanya mtoto wa mwenzio awe wako kisheria, na Kenya imeingia tangu 2007. Mkataba huo unataka mzazi atoe idhini kwa hiari yake, kwa maandishi, bila kupewa pesa wala kitu. Na kabla ya hapo akae chini ashauriwe, aelezwe wazi kwamba akishakubali, huenda uhusiano wake na mwanawe kisheria ukakatika. Basi! Ataelezwaje kwa lugha asiyoijua, kwenye fomu ya kukojoa kitandani? Na mtoto mwenyewe, kwa kadiri ya umri na akili yake, naye asikizwe. Huyu wetu nilimuuliza Agosti anakwenda wapi. Akanijibu, "Kupanda ndege, halafu narudi kwa bibi."

Tena mgeni wa ng'ambo ni wa mwisho kwenye foleni. Kwanza hutafutwa jamaa wa mtoto, wakikosekana familia nyingine humu nchini, ndipo lije swali la nje. Sisi hakuna aliyetutafuta. Makao yana namba yangu, ya dada na ya jirani. Hata kitoto kilichookotwa jalalani hupita kwa polisi, kikaandikwa, jamaa wakatafutwa, na miezi sita ipite bila mtu kujitokeza kabla ya kuitwa mtoto asiye na mwenyewe. Wetu anatumiwa pesa kila mwezi kisha anaitwa yatima!

Na linaloniua zaidi ni hili. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya. Mwaka 2019 likakaza tena, hata mgeni anayeishi humu humu asiasili. Sasa meneja huyu yeye kafunguliwa mlango gani? Atuonyeshe barua. Nilipomwambia hivyo akageuza maneno: ati hii si kuasili, ni udhamini wa masomo, na safari ni ya likizo tu. Likizo gani inayombadilisha mtu jina?

Nikamwomba amri ya mahakama iliyomwingiza mtoto pale, maana makao si bohari, mtoto huingia kupitia afisa wa watoto na mahakama. Akafungua faili, akafunga, akasema mwenye ufunguo wa kabati hayupo.

Afisini kwa afisa wa watoto nako nimezungushwa. Leo mhusika yuko semina, kesho njoo na barua ya chifu, chifu anataka barua ya mamake, mamake yuko Riyadh. Siku tatu nauli tu.

Sina ugomvi na Wataliano, maana nusu ya samaki wangu wameliwa mezani kwao. Huyo mama wa Kitaliano yaelekea naye ameambiwa mtoto hana mtu duniani, akatoa pesa yake kwa moyo safi. Nikimpata nitamwonyesha zile M-Pesa, nione kama atalala. Hasira yangu ni kwa anayekaa katikati, anayempa huku picha ya yatima na kutupa sisi picha ya shule.

Nyongeza, saa nne usiku. Nimesoma majibu yenu. Aliyeandika "si heri aende Ulaya asome, nyinyi mna nini", nakujibu: tuna nyumba ya vyumba viwili Maweni, tuna bibi yake ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, na tuna mjomba mtu ambaye ni mimi. Umaskini si uyatima. Ingekuwa kukosa pesa ni sababu ya kunyang'anywa mtoto, Malindi nzima ingebaki na watalii peke yao.

Aliyeuliza kuhusu dini: ndiyo, nimezungumza na sheikh. Kafala ipo, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua. Unamlea mtoto wa mwenzio, unamlisha, unamsomesha, lakini nasabu yake haiguswi, anaitwa kwa jina la babake. Kwa hiyo hakuna anayesema mayatima wa kweli wasilelewe. Lakini lile la kubandika jina jipya kitandani, mamake yu hai, hilo sikubali.

Dada kaongea nami leo kwa simu dakika kumi na moja, bosi wake alipolala. Ametuma sauti anasema kwa kinywa chake kwamba hajamtoa mwanawe kwa mtu yeyote na hicho kibali, kama ni kibali, anakifuta. Yule kijana ameichapisha kwa maandishi, tunamtumia atie sahihi, mara hii kwa Kiswahili. Jumatatu asubuhi nakwenda nayo mpaka kortini, sipitii tena kwa mwenye ufunguo.

Mwenye mtoto kwenye makao yoyote pwani hii, kesho nenda uombe nakala ya fomu uliyosaini. Usiombe kuiona tu, omba nakala, na usome ukurasa wa pili mpaka chini. Wakikuambia kabati limefungwa, njoo uandike hapa.

Ile karatasi ya kitandani nimeibandua, ninayo mfukoni. Mrejesho nitauweka hapa hapa Jumatatu.